Tab ikujazie majina ya faili, uandike herufi kubwa au ndogo

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena, nipo hapa Dodoma. Leo ni Bash, programu inayopokea amri zako kwenye terminali, na kazi yenyewe ni kitufe cha Tab kinachokujazia majina ya faili. Nakipenda mno kitufe hiki; ukikiweka sawa, vidole vinapumzika.

Tazama folda zangu: Zabibu_Handali, Zabibu_Hombolo. Naandika cd (amri ya kuingia kwenye folda) zabibu-h, nabonyeza Tab. Kimya. Bash inataka Z na H kubwa na kistari cha chini. Tunaondoa usumbufu huo.

Fungua terminali, andika nano ~/.inputrc. Nano ni kihariri cha maandishi, na .inputrc ni faili lako la mipangilio ya vitufe. Twende.

Mstari wa kwanza kabisa:

$include /etc/inputrc

Usiuruke! Ukishakuwa na faili lako mwenyewe, lile la mfumo halisomwi tena, na kwenye Ubuntu ndimo vilimopangwa vitufe kama Home na End. Kwa hiyo huu unatangulia. Halafu:

set completion-ignore-case on
set completion-map-case on
set show-all-if-ambiguous on

Ngoja, upepo umefungua dirisha, mwanga umejaa kwenye skrini. Nafunga... haya, nakuza na maandishi. Mnaona sasa?

Angalia hapa kwa makini: kati ya case na on kuna nafasi tu. Hakuna alama ya sawasawa. Narudia, usiweke alama ya sawasawa! Ukiiweka katikati ya nafasi (case = on), Bash hailalamiki wala haikuonyeshi kosa, inachukulia umesema off. Utakaa unabonyeza Tab na hakuna kinachobadilika. Kagua mistari yote mitatu kabla ya kuhifadhi.

Wa kwanza unapuuza ukubwa wa herufi. Wa pili unahesabu kistari cha kati na cha chini kuwa kitu kimoja, ila bila ule wa kwanza haufanyi kazi. Wa tatu unaleta orodha kwa kubonyeza mara moja. Huu ndio niupendao zaidi.

Hifadhi, toka, kisha iambie Bash isome faili hilo:

bind -f ~/.inputrc

Jaribu. cd zabibu-h, Tab... Handali na Hombolo hizo hapo! Naongeza o, Tab tena: Zabibu_Hombolo/. Safi kabisa.

Wenye Mac, tangu macOS Catalina ya 2019 akaunti mpya zinaanza na zsh, programu nyingine ya amri badala ya Bash, na zsh haisomi faili hili. Andikeni bash kwanza, kisha mjaribu; ila bash inayokuja na Mac ni ya zamani, haiujui mstari wa pili, kwa hiyo kistari cha chini mkiandike wenyewe.