Mwanao ameitwa kusomea sayansi ya kompyuta: atafundishwa nini?

Assalaam alaykum ndugu zangu, na wazee wote mnaonitazama kutoka Mombasa, shikamooni. Mimi niko huku Manchester, Uingereza, na leo nataka kuwajibu wazazi. Wengi mwaniuliza: mwanangu ameitwa chuo kikuu kusomea sayansi ya kompyuta, sasa huko atafundishwa nini? Kuna wanaodhani ni kupiga chapa na kutengeneza mashine zilizoharibika. Sivyo jamani, na ni vyema mjue kabla ya kulipa karo, kwa sababu mtoto akienda na fikra hiyo, mwaka wa kwanza utamvunja moyo.

Mwaka wa kwanza ni hesabu kwelikweli. Programu ataandika, kwa lugha za kompyuta kama Python, Java au C, lakini sambamba na hizo kuna mantiki, seti, matriki (nambari zilizopangwa kwa safu na nguzo) na uwezekano. Tena hatoi jibu tu, anathibitisha kwa hoja.

Vijana huniuliza, hesabu zote hizo za nini? Haya, chukua orodha ya majina milioni moja yaliyopangwa kwa alfabeti, umtafute Mwanakombo. Ukishuka jina baada ya jina, huenda ukamaliza milioni nzima. Sasa fungua katikati. Umekuta jina la J? M iko mbele, basi nusu yote ya nyuma itupe. Iliyobaki ifungue katikati tena, utupe nusu nyengine. Hatua 20 tu, ushampata au ushajua hayumo. Na orodha ikiwa mara mbili yake, unaongeza hatua moja, basi! Hizo ndizo logarithimu za kidato cha pili. Somo lenyewe ni algorithimu, yaani hatua za kutatua tatizo, na miundo ya data, yaani namna ya kuipanga data, na kwangu mimi ndilo uti wa mgongo wa digrii hii.

Halafu kuna hifadhidata, yaani mfumo wa kuweka na kutunza taarifa. Umemtumia shangazi yako Likoni shilingi elfu moja kwa M-Pesa. Mtambo ukizimika katikati ya kazi, haifai pesa zitoke kwako na kwake zisiingie. Ama yote mawili yatendeke, ama lisitendeke hata moja. Mwanafunzi anafundishwa mbinu ya mfumo kuandika kwanza kumbukumbu ya unachotaka kufanya, kisha ndipo uguse salio, ili ukiwaka tena ujue la kukamilisha na la kufuta. Mimi hilo lilinifurahisha mno nilipolielewa.

Kuna mitandao pia, na hapa sisi wa Mombasa tuna la kujivunia, maana nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilitua kwetu 2009. Video hii yenyewe inakufikia ikiwa imekatwakatwa vipande vidogo vyenye nambari, kikipotea kimoja kinaombwa tena. Mifumo endeshi (programu kuu zinazoiendesha kompyuta), usanifu wa kompyuta, usalama, akili bandia, hayo yote yamo. Akili bandia inasimama juu ya zile matriki na uwezekano.

Na kuna nadharia. Mwaka 1936, kabla ya kompyuta kama hizi kuwepo, mwanahesabu Mwingereza Alan Turing alithibitisha kwamba haiwezekani kuandika programu ya kuamua, kwa kila programu utakayoipa, kama itamaliza kazi au itaendelea milele. Baadaye alikuja kufanya kazi papa hapa Manchester, mji ambao Juni 1948 kompyuta iliendesha kwa mara ya kwanza programu iliyohifadhiwa ndani ya kumbukumbu yake yenyewe.

Huku digrii hii kwa kawaida ni miaka 3, kwetu Kenya ni 4. Lakini msitazame jina la kozi pekee. Teknolojia ya habari huegemea zaidi kuendesha mifumo ya ofisi na kampuni, na ni kazi ya heshima, ila si kozi ile ile. Iwe ni TUM, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor au chuo chengine, ombeni orodha ya masomo ya kila mwaka muisome na mtoto kabla hajathibitisha nafasi.

Na wewe wa kidato cha tatu unayeipenda kompyuta lakini hesabu unaikimbia, tafadhali mdogo wangu, usiiache. Anza na matriki na uwezekano wiki hii. Pale unapokwama, mfuate mwalimu wako, au niandikie swali hapo chini nilifanye kwenye video ijayo.