Wimbo Mmoja, Masikio Mawili: Mwanafunzi na Nyimbo Azipendazo

REHEMA: Karibu msikilizaji. Leo tuko na mwanafunzi, wa sekondari au wa chuo, pamoja na nyimbo zake. Kaka Shaaban, tuanzie mezani. Kitabu cha baiolojia kiko wazi, hedifoni ziko masikioni, na unaopigwa ni ule wimbo anaoupenda kuliko zote. Anasoma huyo?

SHAABAN: Anasoma kwa shida, dada. Ukisoma kimyakimya kuna sauti ya ndani inayotamka maneno. Mwimbaji naye anatamka yake. Na kwa kuwa wimbo unaujua neno kwa neno, unamfuata hata mdomo ukiwa umefungwa. Ndiyo maana mtu anafika mwisho wa ukurasa, aya ya kwanza imeshapotea, ila anajua wimbo umefika ubeti wa ngapi.

REHEMA: Wapo watakaokukatalia. Watasema, wimbo nisioupenda ndio unaonikera, huu wangu unanisaidia.

SHAABAN: Hilo limepimwa. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Wales, Nick Perham na Joanne Vizard, walichapisha jaribio ambalo vijana walipewa herufi wazikumbuke kwa mpangilio. Walifanya hivyo kimya kikiwepo, kisha kwa muziki wanaoupenda, kisha kwa muziki wasioupenda. Muziki uliharibu kumbukumbu kuliko kimya, na kupenda au kutopenda hakukuleta tofauti. Wimbo ule uupendao unaifanya kazi ionekane nyepesi, lakini kilichobaki kichwani ni kilekile kichache.

REHEMA: Na ukiwa wa Kilingala, wala huelewi neno?

SHAABAN: Inategemea kazi. Ukisoma habari ili uielewe, kinachokuvuruga zaidi ni maana ya maneno, kwa hiyo lugha usiyoijua ina nafuu. Lakini ukikariri kwa mpangilio, tuseme elementi za jedwali au hatua za mgawanyiko wa seli, sauti ya mtu inayopanda na kushuka inavuruga hata kama huelewi chochote. Hapo zima kabisa.

REHEMA: Niongeze lile la kwamba kusikiliza Mozart kunaongeza akili, maana wazazi wengi bado wanaliamini. Jaribio lenyewe ni la mwaka 1993, wanafunzi 36 wa Chuo Kikuu cha California, Irvine. Walisikiliza sonata yake ya piano mbili dakika 10, kisha wakafanya maswali ya kukunja na kukata karatasi kichwani. Walifanya vizuri zaidi, na nguvu hiyo ilidumu kama dakika 10 hadi 15. Basi. Jaribio hilo halikupima kama mtoto atakuwa na akili zaidi maishani. Mwaka 2001 watafiti wa Kanada wakaonyesha kuwa siri haikuwa Mozart: muziki mchangamfu unamwamsha mtu, na mtu aliyeamka anafanya vizuri. Muziki wa huzuni na wa polepole haukuleta faida ile.

SHAABAN: Na hapo ndipo wimbo uupendao unapata kazi yake. Upige kabla ya kusoma, mmoja au miwili, ukiwa umesimama, unapanga meza. Ukiisha, vua hedifoni. Usiukate katikati, maana wimbo uliokatwa unaweza kuendelea kujiimba kichwani. Ukikunasa hivyo, rudi uusikilize hadi mwisho, au tafuna jojo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, waliliona hilo mwaka 2015, taya zikiwa na kazi wimbo unapungua. Kuchora grafu, kunakili notisi, kupiga pasi sare, hapo weka muziki upendavyo.

REHEMA: Basi tuuache mezani kitabu. Mimi naona tatizo kubwa liko upande wa pili. Mwanafunzi anasema wimbo fulani ni wa moyoni mwake, ameupiga mara zisizohesabika, lakini mwulize besi inafanya nini, hajui. Ameusikia siku zote nyuma ya kitu kingine. Wimbo mzuri unastahili saa yake yenyewe.

SHAABAN: Nakubaliana kabisa. Tuchukue muziki wa dansi, kwa sababu vijana wengi wanaupata kwa baba na babu zao na wanaupenda kweli. Wimbo wa dansi una nusu mbili. Ya kwanza ni ya maneno: waimbaji wanaimba ubeti, gita la solo linajibu kati ya mishororo, gita la rithim linashikilia kodi zilezile, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja. Kisha rithim linabadilisha mchapo, maneno yanapungua, solo linashika kifungu kifupi na kukirudia. Hilo ni chemko. Wakongo wanaliita sebene.

REHEMA: Na wengine wanadhani faili la wimbo ni bovu, kwa sababu sauti inafifia katikati halafu inaanza tena.

SHAABAN: Si bovu. Santuri ya mizunguko 45 upande mmoja ulibeba dakika chache tu, nne au tano, na wimbo wa dansi haukutosha. Ukagawanywa, nusu upande A, nusu upande B. Aliyeuhamishia kwenye kompyuta ameunganisha pande mbili, na pengo ni pale santuri ilipogeuzwa. Kwa msikilizaji hilo ni faida, kwa sababu mara nyingi upande wa pili ndio wenye chemko. Unajua pa kuanzia ukitaka magita matupu.

REHEMA: Tuwape utaratibu sasa.

SHAABAN: Sikiliza wimbo mzima mara nne, kila mara fuata kitu kimoja tu. Anza na besi. Ivumishe kwa mdomo, usijali kuikosea. Mara ya pili fuata rithim. Ya tatu tumba na drams, uone kama mguu wako unagonga pamoja nazo au unazikimbia. Solo liwe la mwisho.

REHEMA: Kwa nini solo mwisho, na ndilo tamu?

SHAABAN: Kwa sababu hiyohiyo. Liko juu kabisa, sikio linalifuata bila kuambiwa, nalo linafunika mengine. Ukianza nalo utarudia kusikia ulichokuwa unakisikia tangu zamani.

REHEMA: Ila besi hawataipata kwa spika ya simu, kaka. Uzi mzito wa gita la besi ni kama hezi 41, na kispika kile kidogo cha simu hakiwezi kutikisa hewa kiasi hicho. Unachosikia ni kivuli cha besi. Lazima hedifoni, na hapo pana makosa mawili. La kwanza ni zile mpira za kuziba sikio. Huja saizi tatu kwenye boksi, watu wanaacha ile iliyokuja imevalishwa. Ikiwa ndogo kwa sikio lako, pengo linabaki na besi ndiyo inayovuja kwanza. Mtu anadhani hedifoni ni mbovu, anaongeza sauti. Badilisha mpira kwanza.

SHAABAN: Na la pili ni la mabwenini. Marafiki wawili, hedifoni moja, kila mtu upande wake.

REHEMA: Hilo ndilo linaloniuma. Rekodi nyingi za stirio zinaweka gita moja kushoto na jingine kulia. Mwenye sikio la kushoto anamsikia mpiga solo, mwenzake anasikia rithim, wanatoka hapo wanabishana kama wimbo una gita moja au mawili. Hali ni hiyohiyo upande mmoja ukifa. Dawa iko ndani ya simu: nenda kwenye mipangilio, sehemu ya ufikivu, washa sauti ya mono. Pande zote zinachanganywa na kila sikio linapata bendi nzima. Ukiwa peke yako na hedifoni nzima, izime, kisha vua sikio moja kwa makusudi. Kwa rekodi nyingine utapata gita moja karibu limesimama peke yake. Ni somo la bure.

SHAABAN: Sauti iwe kiasi gani?

REHEMA: Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 za wiki. Kila ukiongeza desibeli 3, muda unakatwa nusu. Kwa hiyo 89 ni saa 5 tu kwa wiki nzima. Simu nyingi hazikuonyeshi desibeli, basi usipite asilimia 60 ya sauti yake. Ndani ya daladala kelele za injini zinakulazimisha kupandisha, na ukishuka unasahau kupunguza. Masikio yakilia "nziii" baada ya kusikiliza, umezidisha. Kinachoharibika ndani ya sikio hakioti tena.

SHAABAN: Na upakue wimbo badala ya kuuchezea mtandaoni kila mara. Kwa kilobiti 128 kwa sekunde, dakika moja inakula karibu MB 1. Wimbo wa dakika 9 ukiurudia mara 30 kwenye programu isiyouhifadhi umeteketeza MB 270, na ukiwa wa video ni zaidi ya hapo.

REHEMA: Twende kwenye maneno. Mwanafunzi anayeupenda wimbo auandike kwa mkono wake, asinakili. Maneno yaliyobandikwa mtandaoni, hasa ya taarabu, yana makosa mengi. Na sisi tuna kipimo cha kukagua kilichosikika ambacho wengi tumefundishwa darasani na tukakiacha hukohuko: mizani na vina.

SHAABAN: Fafanua kwa mfano.

REHEMA: Nitunge mshororo wa kufanyia kazi. "Ua langu la thamani, nani amekuchukua." Hesabu: u-a-la-ngu-la-tha-ma-ni, nane. Na-ni-a-me-ku-chu-ku-a, nane. Sasa mwimbaji wa taarabu anavuta silabi, violini zinapita juu, unasikia "nani amechukua". Hesabu tena, saba. Beti nyingine zote zina nane kwa nane. Basi kuna silabi imekupotea, na ni ile "ku". Bila hiyo hujui tena kwamba mwimbaji anasema na ua lenyewe.

SHAABAN: Na mvuto hauhesabiwi.

REHEMA: Hauhesabiwi. "Thamaaaani" bado ni tatu. Lakini m inayosimama peke yake inahesabiwa: m-pe-nzi ni tatu. Hiyo m ndiyo inayopotea sana, mtu anaandika "penzi". Ukiona mshororo umepungua moja, itafute m kwanza.

SHAABAN: Na vina vinasaidia pale mizani isiposema kitu. Wimbo wa Mombasa unaweza kuwa na "mato". Mwanafunzi wa bara anaandika "macho", maana ndivyo anavyojua. Mizani ni mbili kwa mbili, haikuonyi. Lakini kama mishororo mingine inaishia na "to", "macho" imevunja kina. Hapo unajua mtunzi ametumia Kimvita.

REHEMA: Na kwa rekodi za kale hakuna njia nyingine. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alirekodi Bombay mwaka 1928, mkwaruzo wa santuri unafunika nusu ya neno. Sikiliza sekunde 5 hadi 10 tu kwa mara moja, andika, acha nafasi wazi pale usiposikia, uhesabu silabi ngapi zimepungua. Usijaze kwa kubahatisha. Ukirudi kesho yake, sikio likiwa limepumzika, nafasi nyingi zinajijaza.

SHAABAN: Nimalizie na wenye gita, maana hawa wanakata tamaa mapema. Wanatyuni gita vizuri kabisa kwa programu ya simu, wanaweka wimbo wa zamani, wanapiga, na kila kodi inagomba. Wanadhani masikio yao ni mabaya.

REHEMA: Kumbe?

SHAABAN: Kumbe rekodi haikimbii kasi yake ya asili. Mashine ya tepu au ya santuri ikizunguka haraka kidogo, wimbo unapanda. Asilimia 6 ya kasi ni nusu toni kamili, yaani hatua moja kwenye gita, kwa hiyo asilimia 3 inakuweka katikati ya noti mbili za gita, mahali ambapo hakuna kidole kitakachopafikia. Usihangaike na kodi. Sikiliza noti ambayo wimbo unatulia juu yake mwisho wa ubeti, itafute kwenye gita, iliyo karibu zaidi. Pandisha au teremsha uzi huo mpaka zikubaliane, angalia programu inasema umetoka kiasi gani, kisha nyuzi tano zilizobaki zisogeze kiasi hichohicho. Kama programu inaruhusu kubadili A ya hezi 440, kwa rekodi iliyozidi asilimia 3 weka 453, utyuni zote sita kwa hiyo.

REHEMA: Kisha kodi?

SHAABAN: Noti uliyoipata ndiyo nyumbani kwa wimbo. Ikiwa C, jaribu C, F na G kabla ya nyingine yoyote, nyimbo nyingi za dansi zinatembea hapo. Piga rithim kwenye nusu ya maneno mpaka usikose mabadiliko. Chemko lipunguze kasi hadi 0.75, noti hazishuki kwa programu za siku hizi. Usiende chini ya 0.5, ngoma zinaanza kusikika kama zimelowa na huwezi tena kujua pigo limeangukia wapi. Shika kifungu kimoja cha solo, kile kinachorudiwa, mapigo manne au manane, ukirudie mpaka kitoke bila kuangalia vidole. Ndipo urudishe kasi: 0.85, 0.95, kisha ya wimbo wenyewe.