Pilipili manga: tuiache ikomae shambani

Shikamooni wazee, habari zenu vijana. Nimekuja na vishada viwili vya pilipili manga, vyote vya hapahapa Muheza, kimoja kimekomaa kingine kimechumwa mapema, tutavipitisha mkononi baadaye.

Naanza na dawa maana ndo mnaniuliza sana. Ule ukali unaowasha ulimi unaitwa piperini. Mwaka 1998 watafiti wa India waliwapa watu gramu 2 za kurkumini, ile ya kwenye manjano, wakachanganya na miligramu 20 tu za piperini, na iliyoingia kwenye damu ikaongezeka kwa asilimia 2000! Kumbe bibi zetu kutwanga manjano na pilipili manga pamoja walikuwa sahihi kabisa. Lakini nguvu hiyohiyo inapandisha na dawa za hospitali kwenye damu, mfano fenitoini ya kifafa na propranololo ya presha, kwahiyo anayemeza hizo asibugie vijiko vya unga wake bila kumwambia daktari, ya kwenye pilau haina neno. Mimi nikikohoa natwanga punje tano sita naweka kwenye asali, koo linafunguka, ila TB haitibu jamani, nimeona watu wanachelewa hospitali kwa sababu hiyo.

Shambani sasa. Kata pingili yenye macho matatu au manne, otesha kivulini, ukihamishia shamba panda chini ya mti hai kama mgrevilea ili itambae, na maji yasituame pale kwenye shina kwasababu mizizi ikioza mmea wote unanyauka na huuokoi tena. Mwaka wa tatu unaanza kuona vishada.

Hapo ndo tunapojiumiza. Najua tunachuma mapema kwasababu ya wezi, ada ya shule, na mnunuzi anayekuja na mzani wake mwezi ule ambao nyumbani hamna kitu, hata mimi nilishauza hivyo na roho iliniuma. Iliyokomaa, kilo 3 mbichi zinakupa kama kilo 1 kavu, changa inasinyaa inakuwa nyepesi kama pumba. Subiri punje moja mbili ziwe nyekundu ndo uchume kishada chote, chovya maji ya moto dakika moja, anika kwenye turubai, sio chini kwenye udongo. Na kijiji tukubaliane siku moja ya kufungua mavuno, atakayeonekana na mzigo kabla ya hapo aulizwe kautoa wapi.

Haya, vishada hivi hapa, kila mtu apasue punje kwa kucha, hii changa mtaona ndani ni majimaji tu.