Tuwahesabu Pia Waliotoweka Kabla ya Mahafali

Bwana Mwenyekiti, waheshimiwa wasajili, wahadhiri wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliopata nafasi ya kuja: wengi wenu mmekwisha kunisikia nikilisema jambo hili, na nitalisema tena kwa kuwa bado halijatendeka. Vyuo vikuu vyetu hapa Uganda vinajua ni wangapi wameingia na ni wangapi wamevaa joho siku ya mahafali. Wale waliosajiliwa mwaka wa kwanza na hawakufika mwisho hawana ofisi yenye wajibu wa kuwahesabu.

Chukueni mfano wa kubuni, ili pasiwe na idara itakayodhani kwamba ninaisema yenyewe. Wanafunzi 200 wanaingia katika programu ya miaka 3. Wanaofanya mtihani wa mwisho ni 120, na kati yao 114 wanafaulu. Taarifa inayopelekwa seneti, yaani baraza la chuo linalosimamia masomo, itaeleza kwamba kiwango cha kufaulu ni 95%, na idara itapongezwa. Lakini hao 114 ukiwagawanya kwa 200 walioingia, unapata 57%. Hesabu zote mbili ni sahihi, ila kila moja inajibu swali lake. Ya kwanza inaeleza hali ya waliobaki. Ya pili ndiyo inayomjibu mzazi wa Soroti au Rukungiri aliyeuza kipande cha shamba akiamini kwamba mwanawe akiingia chuo kikuu atatoka na shahada. Kwa miaka yote hii tumekuwa tukijibu swali la kwanza tu, tena tukifikiri kwamba tumeyajibu yote mawili.

Najua kuna wenye kusema kwamba wale 80 hawakuacha masomo wote: mmoja amehamia chuo kingine, mwingine ameahirisha mwaka, mwingine amejifungua na atarudi. Inawezekana kabisa. Basi iandikwe. Ninachodai ni orodha ya walioingia pamoja, jina kwa jina, na mbele ya kila jina hali yake ya leo: amehitimu, anaendelea, ameahirisha, amehama, ameacha, amefariki, au hajulikani aliko. Kazi hiyo haihitaji mfumo wa mamilioni ya shilingi. Jedwali la kawaida la kompyuta linatosha, pamoja na karani mmoja aliyepewa muda na mamlaka ya kuuliza. Nimechoka kuambiwa kwamba tusubiri mfumo mpya, kwa maana mifumo imekuja na orodha hiyo bado haipo.

Ugumu wenyewe hauko kwenye mitambo. Katika chuo kimoja ambacho sitakitaja, niliwahi kuuliza habari za kijana wa mwaka wa pili ambaye hakuonekana darasani kwa muhula mzima. Ofisi ya usajili ilisema ameahirisha masomo. Ofisi ya fedha ilimwonyesha kama mdaiwa, na deni lake lilikuwa likiongezeka. Idarani, mwalimu wake alikuwa na karatasi za majaribio zisizo na alama hata moja mbele ya jina lake, naye alidhani kijana amebadilisha programu. Ofisi tatu zilikuwa na majibu matatu, na hakuna hata moja iliyokuwa imempigia simu. Zaidi ya hayo, ofisi moja ilimtambua kwa namba ya mwanafunzi na nyingine kwa namba ya usajili, hata kuziweka kumbukumbu hizo pamoja ikawa kazi ya mikono. Kila ofisi ilikuwa imefanya wajibu wake kama ulivyoandikwa. Wajibu wa kumwangalia mtu mmoja katika kumbukumbu zote tatu haukuandikwa popote.

Mara nyingi mfano wa Chuo Kikuu cha Georgia State, kilichoko Atlanta nchini Marekani, hutajwa kama ushahidi wa nguvu za kompyuta, na hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoutaja. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2012 chuo hicho kimekuwa kikizipitia kumbukumbu za wanafunzi wake kila siku, kikitafuta dalili zaidi ya 800 za kukwama. Ni kweli pia kwamba wanaohitimu ndani ya miaka 6, ambao walikuwa 32% mwaka 2003, walifikia 54% baada ya miaka kumi na ushei. Lakini someni sehemu inayorukwa: mfumo ulipoanza, chuo kiliajiri washauri wapya 42 wa wanafunzi, kwa sababu dalili isiyokuwa na mtu wa kuifuatilia haimsaidii yeyote. Kabla ya hapo, mwaka 2011, kilikuwa kimeanza kuwatafuta wanafunzi waliokaribia kuondolewa kwa sababu ya ada ndogo iliyobaki, wengi wao wakiwa karibu kabisa kumaliza, na kulilipa pengo hilo bila kungoja waombe. Ofisi ya fedha ilizitumia kumbukumbu za madeni kumtambua anayehitaji kusaidiwa, ilhali kwetu kumbukumbu hizo hizo hutumika kumzuia mlangoni mwa chumba cha mtihani.

Mtasema Marekani ina fedha na sisi hatuna. Sikatai. Hata hivyo, kujua ni mwanafunzi gani wa mwaka wa mwisho amebakiza kiasi kidogo cha ada, na kujua hivyo wiki sita kabla ya mtihani badala ya asubuhi ya mtihani, hakugharimu chochote. Orodha hiyo mnayo tayari. Ipelekwe kwa mlezi wa wanafunzi mapema, ili mzazi apigiwe simu, mpango wa malipo uandikwe, na wahitimu wetu waombwe kuchangia pengo linalojulikana ukubwa wake.

Tena tusidhani kwamba daftari la fedha linaona kila kitu. Bodi ya mikopo ya elimu ya juu ya hapa Uganda, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, hulipa ada na gharama nyingine za chuoni, lakini chakula na malazi humbakia mwanafunzi mwenyewe. Kwa hiyo mnufaika wa mkopo anaweza kuonekana hana deni hata shilingi moja, huku akilala kwa marafiki na kushinda na mlo mmoja. Atakayemfichua ni mwalimu mwenye karatasi ya mahudhurio na alama za jaribio la kwanza, endapo alama hizo zitaingizwa mapema. Alama za majaribio zikiingizwa baada ya mtihani wa mwisho, hugeuka kumbukumbu za matanga. Wahadhiri wenzangu, katika hili lawama ni yetu, si ya msajili.

Mada ya kompyuta kutabiri nani yuko hatarini kuacha masomo nilikusudia kuieleza kwa kirefu, lakini Mwenyekiti ananionyesha saa, basi nitasema moja tu. Chuo Kikuu cha Purdue, pia cha Marekani, kilijaribu kuanzia mwaka 2007 mfumo wa kuwapa wanafunzi rangi ya kijani, njano au nyekundu kulingana na maendeleo yao, na ikadaiwa kwamba waliopitia masomo mengi yenye mfumo huo walibaki chuoni zaidi. Mwaka 2013 wachunguzi walihoji: anayebaki chuoni muda mrefu si ndiye atakayekuwa amesoma masomo mengi? Hilo ni kosa lile lile la kuwapima waliobaki na kuwasahau walioondoka, na anayetaka kutuuzia mfumo aulizwe swali hilo kabla ya mkataba kutiwa saini.

Kuhusu faragha, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inatuhusu. Mwanafunzi aelezwe kumbukumbu zake zinatumika kwa nini, na asiyehusika asizione. Majina ya wadaiwa yasibandikwe ukutani.

Wasajili mliopo hapa, orodha ninayoiomba ni ya walioingia mwezi wa Agosti mwaka 2022. Anzeni na programu moja tu katika kila kitivo, na ile safu ya wasiojulikana waliko ifikishwe kwenye seneti kabla ya orodha ya mahafali kuidhinishwa.