Ruhusa ya Kushuka

Mabibi na mabwana, wengi wenu mnazikumbuka helikopta za jeshi la Uganda zilizoanguka Mlima Kenya Agosti 2012 zikielekea Somalia. Miezi mitano kabla ya hapo ilitokea ajali nyingine ya mlimani, nayo ndiyo iliyonileta hapa.

Machi 15, ndege ya mizigo ya jeshi la Norwei, C-130J Hercules, iliondoka uwanja wa ndege wa Evenes, Norwei, kwenda Kiruna, Uswidi. Ilikuwa kwenye mazoezi ya kijeshi yaitwayo Cold Response, ikiwa na wanajeshi watano. Njiani kuna Kebnekaise, mlima mrefu kuliko yote Uswidi, mita elfu mbili na ushei. Mchana ule ulikuwa umegubikwa na mawingu, na upepo ukivuma kwa nguvu.

Ndege ilikuwa ikizunguka kusubiri zamu kwenye futi 13,000, juu ya kila kilele. Ikapewa ruhusa ya kushuka hadi 10,000. Baadaye kidogo mnara wa kuongozea ndege wa Kiruna ukaipa 7,000, yaani takriban mita 2,130. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Chini kule ilikuwa nje ya anga inayodhibitiwa na waongozaji ndege, na huko kujihadhari na milima ni kazi ya rubani mwenyewe. Mimi naona kila upande uliiachia kazi hiyo upande wa pili: ruhusa ilitolewa bila kuuangalia mlima, ikapokelewa bila kuhojiwa.

Tena, hizo 7,000 hazikuwa kimo halisi. Ukiwa juu namna hiyo, kipimo cha kimo, kinachofanya kazi kwa kupima mgandamizo wa hewa, huwekwa kwenye mgandamizo wa kawaida, hektopaskali 1,013. Mgandamizo wa siku hiyo ukiwa tofauti, kimo chako halisi nacho ni tofauti na kinachosomeka. Ndege iliugonga ukuta wa magharibi wa mlima kwenye futi 6,608, ikienda zaidi ya kilomita 500 kwa saa. Wote watano walikufa.

Mtaniuliza, kwani Hercules mpya vile haikuwa na kifaa cha kuonya kwamba ardhi iko karibu? Kilikuwepo. Lakini kwa jinsi kilivyowekwa, na kwa umbo la mlima ule, masharti ya kutoa onyo hayakutimia.

Wachunguzi wa Uswidi hawakumbebesha mtu mmoja lawama. Walizikuta kasoro katika taratibu za jeshi la anga la Norwei, na katika taratibu za uongozaji ndege za Uswidi vilevile. Kuna waliolalamika kwamba huko ni kukwepa kumtaja mkosaji. Sikubaliani nao, na nadhani humu ukumbini wapo watakaonipinga. Karibuni kwa maswali.