Kiti cha Eneo Namba 136: Julian Bond na Bunge la Georgia

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Mimi ni Zuhura, niko na kaka yangu Baraka. Leo tunakwenda Atlanta, Georgia, Januari 10, 1966. Bunge la jimbo linafunguliwa, wajumbe wapya wanakula kiapo. Kuna picha ya siku ile: wenzake wamesimama, mikono ya kulia juu, na kijana mmoja mweusi amekaa kitini, kavaa suti na tai. Huyo ndiye Julian Bond. Zilibaki siku 4 atimize miaka 26.

BARAKA: Amekaa kwa sababu ameshaambiwa kwamba hataapishwa mpaka shauri lake lisikilizwe. Lakini dada, kwanza tuliweke sawa hili neno "jimbo". Huku kwetu ukisema jimbo, mtu anafikiria jimbo la ubunge, Ilala au Kibamba. Ndugu zetu wa Kenya wataliwazia bunge la kaunti. Kule jimbo lina nguvu kuliko hivyo. Lina katiba yake, gavana wake, mahakama zake na bunge lenye mabaraza mawili. Sheria za shule, za polisi, za makazi, zinapitishwa pale. Hata ramani ya kuchagulia wabunge wanaokwenda Washington inachorwa pale pale.

ZUHURA: Sasa kijana amekosa nini? Amechaguliwa kihalali. Alipata kura 2,320, mpinzani wake 487.

BARAKA: Turudi nyuma wiki moja. Januari 3, kijana aitwaye Sammy Younge, aliyewahi kulitumikia jeshi la majini, alipigwa risasi Tuskegee, Alabama, kwa ugomvi wa choo cha wazungu kwenye kituo cha mafuta. Alikuwa na miaka 21. Siku tatu baadaye SNCC, kamati ya vijana wapigania haki ambayo Bond alikuwa msemaji wake, ikatoa tamko. Likapinga vita vya Vietnam, likasema tunawaunga mkono wasiotaka kuitikia mwito wa jeshi. Bond hakuliandika yeye. Mwandishi wa redio akampigia kumuuliza, nawe unakubaliana nalo? Akasema ndiyo.

ZUHURA: Neno hilo moja!

BARAKA: Hilo hilo. Wajumbe 75 wakapeleka maombi azuiwe. Jioni ile kamati ikamhoji, na ule mkanda wa redio ukawekwa watu wakausikiliza. Bond akaeleza kwamba anaustahi ujasiri wa wanaochoma kadi zao za jeshi, lakini hajamshauri mtu yeyote achome, wala ya kwake hajaichoma. Ilipofika kura, 184 wakasema asiingie. Waliomtetea ni 12.

ZUHURA: Mimi linaloniuma ni wale watu wa eneo namba 136. Wapiga kura wake kama 6,500, karibu 6,000 wakiwa weusi. Ndio kwanza mahakama imelazimisha ramani ichorwe upya, wanapata mtu wao, halafu kiti kinaachwa kitupu. Na miongoni mwa wakazi wa eneo lile alikuwemo Martin Luther King mwenyewe! Aliongoza maandamano mpaka kwenye jengo la bunge, na jina lake likaingia kwenye kesi kama mwananchi aliyenyang'anywa mwakilishi.

BARAKA: Na Georgia ilikuwa na historia hiyo, dada. Mwaka 1868, baada ya vita vya wao kwa wao, weusi waliingia bunge lile kwa mara ya kwanza. Wenzao wazungu wakasema katiba imewapa hawa haki ya kupiga kura, haikuwapa haki ya kushika madaraka. Wakawafukuza. Mmoja wao, Henry McNeal Turner, alisimama akawaambia hatawaomba haki yake kwa magoti. Walirudishwa mwaka 1870 kwa nguvu ya Washington. Leo wanakumbukwa kama wale 33, na sanamu yao iko kwenye viwanja vya bunge hilo hilo.

ZUHURA: Kwa hiyo Bond anakwenda mahakamani.

BARAKA: Anakwenda, anashindwa kwa majaji wawili dhidi ya mmoja. Anakata rufaa. Huku nyuma unaitishwa uchaguzi mdogo kujaza kile kiti, naye anagombea tena, anashinda tena. Kamati ya kanuni inamwita: unayafuta maneno yako? Mwingine angefunika kombe mwanaharamu apite. Yeye akakataa. Kiti kikabaki kitupu. Novemba akagombea mara ya tatu, watu wakampa tena.

ZUHURA: Mara tatu ndani ya miezi 17 hivi. Nawavulia kofia wapiga kura wale kuliko hata yeye.

BARAKA: Desemba 5, 1966, Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua, majaji wote 9 kwa kauli moja. Jaji Mkuu Earl Warren ndiye aliyeandika hukumu. Georgia ilikuwa imejitetea kwamba mwakilishi hana uhuru wa kusema kama raia wa kawaida, kwa kuwa amekula kiapo. Warren akaigeuza hoja: mwakilishi anapaswa kupewa nafasi pana kabisa ya kusema, maana wapiga kura watajuaje msimamo wake akifungwa mdomo? Januari 1967 Bond akaapishwa.

ZUHURA: Na akakaa miaka 20. Baraza la chini hadi 1975, kisha Seneti ya jimbo. Mwaka 1968 alitajwa kugombea umakamu wa rais kwenye mkutano mkuu wa chama cha Democratic kule Chicago, akajitoa. Katiba inataka miaka 35, yeye alikuwa na 28.

BARAKA: Mimi kazi yake ninayoipenda ni ile ya ramani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alipigania eneo la tano, la Atlanta, moja ya yale yanayopeleka wabunge Washington, lichorwe ili weusi wawe wengi wa kutosha kuchagua mbunge wanayemtaka. Bunge la Georgia likakataa, shauri likafika mahakamani, na mahakama ikaona ramani ya bunge ina ubaguzi. Ikachorwa nyingine.

ZUHURA: Mwaka 1986 akaligombea eneo hilo mwenyewe, akaacha useneti.

BARAKA: Mpinzani wake mkubwa alikuwa John Lewis, rafiki yake tangu SNCC. Raundi ya kwanza Bond aliongoza, lakini hakufika nusu. Kwenye marudio ya Septemba Lewis akampita kidogo, kama asilimia 52 kwa 48. Kampeni ilikuwa chungu, urafiki ukaumia. Lewis alilishika eneo lile mpaka alipofariki Julai 2020.

ZUHURA: Na Bond?

BARAKA: Alifundisha historia Chuo Kikuu cha Virginia kwa miaka zaidi ya 20. Somo lake lilikuwa zile harakati zenyewe.