Nani anawasha, nani anazima: maikroRNA za damu wakati wa maambukizi ya virusi

Habari za mchana, walimu wangu na ndugu zangu wa maabara. Mnaukumbuka wakati wa UVIKO-19. Wagonjwa wawili, umri mmoja, virusi vilevile: mmoja anakohoa siku chache anapona, mwenzake anaingia wiki ya pili akiwa hawezi kuvuta pumzi. Mara nyingi kufikia hapo virusi vyenyewe vimeshaanza kupungua. Kinachomwangusha ni mchochota, yaani kinga yake mwenyewe iliyowaka ikakosa wa kuizima.

Katika mitambo ya kuwasha na kuzima kuna maikroRNA. Ni kipande cha RNA chenye herufi 22 hivi, hakitengenezi protini yoyote. Hujibandika kwenye RNA inayobeba maelekezo ya protini, ikashindwa kusomwa au ikavunjwa. Ya kwanza ilielezwa mwaka 1993 kwenye mnyoo mdogo, na kwa miaka kadhaa wengi waliona hayo ni mambo ya minyoo. Victor Ambros na Gary Ruvkun, waliozigundua, walipewa Nobel mwaka 2024.

Sasa tuingie kwenye seli. Makrofaji, seli ya kinga inayomeza vijidudu, ikihisi RNA ya virusi, vipokezi vyake huamsha NF-kB, protini inayowasha jeni, nayo huwasha jeni za IL-6, TNF na wenzake, protini zinazochochea mchochota. Papo hapo huwasha maikroRNA mbili. Moja ni miR-155, inayobana SOCS1 na SHIP1, protini ambazo kazi yake ni kutuliza. Mtulizaji akibanwa, mchochota unazidi. Ya pili ni miR-146a. Maabara ya David Baltimore kule California ilionyesha mwaka 2006 kwamba hii hubana IRAK1 na TRAF6, protini zilezile zinazopitisha taarifa kutoka kwenye kipokezi hadi NF-kB. Hapo ndipo penye utamu: anayekanyaga mafuta ndiye huyohuyo anayefunga breki.

Basi si ajabu kwamba tafiti kadhaa za UVIKO-19 zilikuta miR-146a iko chini katika damu ya waliozidiwa. Maelezo yanakuja yenyewe: breki imekatika. Mimi nasema tusikimbilie huko.

Damu imejaa vimeng'enya vya kukatakata RNA, lakini maikroRNA hudumu humo, kwa sababu hazitembei uchi. Nyingine zimo ndani ya vifuko vidogo vinavyotolewa na seli, nyingine zimeshikamana na protini ya Argonaute 2, nyingine na HDL, chembe zinazobeba mafuta kwenye damu. Wengi hupenda kusema seli zinatumiana ujumbe. Huenda, lakini wakati mwingine seli imepasuka tu. Tazameni miR-122 ya ini. Virusi vya homa ya ini C huitegemea ili vizaliane; hilo lilijulikana mwaka 2005, na dawa ya kuizuia, miravirsen, ilishusha virusi kwa wagonjwa katika jaribio lililochapishwa mwaka 2013. Humo ndani ya seli ina kazi kubwa. Ikionekana kwa wingi kwenye damu, inatuambia kama inavyotuambia ALT, kimeng'enya cha ini kinachopimwa kwenye damu: seli za ini zinaumia. Haimaanishi iko kazini huko iliko.

Kwa hiyo swali langu la kwanza huwa ni hili: imetoka wapi? La pili ni: damu ilichukuliwaje?

Chukua sindano nyembamba, vuta kwa nguvu, tikisa tyubu. Ukiizungusha kwenye mashine ili kutenga plazma, yaani maji ya damu, plazma hiyo inakuja na rangi ya waridi, kwa kuwa chembe nyekundu zimepasuka. Chembe nyekundu zimejaa miR-451a na miR-16, na zote zimemwagika humo. Ubaya ni kwamba maabara nyingi zimetumia miR-16 kama kipimo cha kulinganishia. Kikipanda chenyewe, kila unachokilinganisha nacho kitaonekana kimeshuka, miR-146a ikiwemo. Linganisha miR-451a na miR-23a, ambayo haiguswi na kupasuka huko, kabla ya kuamini jibu lolote. Tofauti ya Ct, yaani idadi ya mizunguko ya PCR (kipimo cha kuzidisha nakala) hadi RNA ionekane, ikizidi 7, sampuli hiyo imehemolaizi: chembe zake nyekundu zimepasuka.

Halafu kuna heparini, dawa ya kuzuia damu isigande. Tyubu ya kijani, yenye heparini ndani, tunaikwepa kwa sababu heparini huvuruga PCR, tunachukua ya zambarau, yenye EDTA. Lakini mgonjwa mahututi wa UVIKO-19 alikuwa akidungwa heparini wodini! Tyubu ya zambarau haimsaidii. Heparini imo kwenye mshipa tayari. Tena aliyezidiwa ndiye aliyepewa zaidi. Kwa hiyo maikroRNA zake zinaweza kusoma chini hata kama kinga yake inafanya kazi vizuri kabisa. Dawa yake ipo: heparinase, kimeng'enya kinachovunja heparini, kwenye sampuli kabla ya PCR, na RNA ya kigeni, ya mnyoo kwa mfano, unayoiongeza kwa kiasi unachokijua. Hiyo nayo ikisoma chini, ujue tatizo ni kipimo.

Kwa mgonjwa aliye kitandani leo, CRP, protini ya damu inayopanda mchochota ukiwepo, na oksijeni ndivyo vinavyoamua, na ni rahisi kupima. MaikroRNA bado ni ya utafiti. Anayetaka kuifanyia tasnifu aanze kwa kuandika jinsi damu ilivyochukuliwa, saa ngapi, na mgonjwa alikuwa kwenye dawa gani. Naona mkono kule nyuma, karibu uulize.